Jile, filimbi na bidoni: mwongozo kamili wa kujiokoa na kuita msaada kwenye Ziwa Kivu

Safari moja ya kutoka Goma, mashariki mwa Congo, kwenda kisiwa cha Idjwi niliomba jile (koti la kuelea majini) kabla boti haijang'oa nanga. Kijana wa boti akaninyooshea kidole juu. Zilikuwepo, tena nyingi, za rangi ya chungwa, zimefungwa kwenye chuma cha paa kwa kamba ya nailoni, fundo juu ya fundo. "Yaya (mkubwa wangu), hizo ni za kontrole (ukaguzi)," akaniambia bila haya, kama mtu anayekueleza kwamba sahani za kabatini ni za wageni. Nilijaribu kufungua fundo moja kwa vidole, nikiwa nimetulia, mchana, boti haitikisiki. Dakika 2 zikapita halijafunguka.

Tangu siku hiyo jile yangu natoka nayo nyumbani. Haya ninayoandika ni kwa msafiri wa kawaida wa Goma, Bukavu, Minova, Kalehe na Idjwi, na kidogo kwa mwenye boti ambaye bado hajachelewa.

Kivu si bahari, na hiyo inabadilisha kila kitu

Miongozo mingi ya kujiokoa majini imeandikwa kwa watu wa baharini: mabiskuti ya akiba, maji ya kunywa kwenye vipakiti, ndoana za kuvulia samaki ukiwa juu ya rafu kwa wiki 2. Kwetu hayo hayana kazi. Kivu haina mamba wala kiboko, maji yake si ya chumvi kali ya baharini, na hali ya hewa ikiwa safi nchi kavu unaiona karibu popote ulipo. Kiu haitakuua. Kinachoua ni zile dakika chache za mwanzo, mtu akiwa anaona mabati ya nyumba za watu.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka upande wa Minova, ilipinduka mita mia kadhaa tu kabla ya kugusa bandari ya Kituku, Goma. Vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Goma na Minova, kwa hiyo watu na mizigo yao walikuwa wamehamia ziwani. Waliokuwa ufukweni waliona kila kitu. Mwaka 2019, baada ya ajali nyingine upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi wa Congo alifika huko na kutamka kwamba kila abiria lazima avae jile. Tamko zuri. Fundo la nailoni nililokutana nalo lilikuja baada ya tamko hilo.

Basi maswali ni matatu tu: nitaeleaje, nitakaaje bila kupoteza joto, na nani ataniona? Kila kifaa unachobeba kijibu mojawapo. Kisichojibu, kiache nyumbani.

Kuchagua jile, na kuijaribu kabla haijakujaribu wewe

Nguvu ya jile ya kukuelesha hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni sawa na kubeba kilo 1 hivi ndani ya maji. Angalia lebo ya ndani. Ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea, aliye na akili zake, karibu na ufuko. Ya 100 au 150 ina kola nene nyuma ya shingo na povu jingi kifuani. Hiyo inajitahidi kukugeuza uso juu hata ukiwa umezimia. Kwa safari ya Goma hadi Bukavu, hasa boti za usiku, nunua ya 100 kwenda juu. Usidanganywe na ukubwa wa mwili wako: binadamu akiwa majini anahitaji kusaidiwa kilo 3 hadi 5 tu ili kichwa kibaki juu. Ndiyo maana hata kitu kidogo kinachoelea, ukikikumbatia vizuri, kinaweza kukuokoa.

Shida ya masoko yetu ni jile zilizojazwa sifongo ya godoro. Ukizishika ni laini, nzuri, bei poa. Zikikaa majini nusu saa zinakunywa maji kama mkate kwenye chai. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki. Tafuta pipa la lita 200, lijaze maji. Azima kwa muuza maharagwe chuma cha mizani cha kilo 5, ukifunge kwenye mikanda ya jile, uitumbukize. Iache usiku kucha mpaka kesho saa ileile. Jile halali, hata ya 50, itakuwa bado inaelea na chuma chake. Kanuni za kimataifa za meli zinataka jile isipoteze zaidi ya asilimia 5 ya nguvu yake baada ya saa 24 majini. Ile ya sifongo utaikuta imelala chini ya pipa. Usitumie jiwe la volkano badala ya chuma. Mawe yetu ya Goma mengine yana matundu mengi, mepesi, yatakupa jibu la uongo.

Ukimaliza, kagua bakoli, ile klipu ya plastiki. Ifunge, uivute kwa mikono miwili kwa hasira. Angalia nyuzi za mshono, maana jua huzila kabla ya kitambaa chenyewe. Kisha vaa, kaza mikanda, mwombe mtu akuvute jile juu kwenye mabega. Ikipanda mpaka masikioni, majini itakutoka kabisa. Mkanda wa kupita katikati ya miguu ndio dawa yake, na kama haupo, mshonaji yeyote wa Birere, mtaa wa soko Goma, atakuwekea.

Mama mwenye mtoto mgongoni asome hapa mara mbili. Jile inakuelesha ukiwa umelala chali, uso juu. Maana yake mtoto uliyemfunga mgongoni kwa kitenge atakuwa chini yako, ndani ya maji, hata kama wewe unapumua vizuri. Ukipanda boti mhamishie mbele, kwenye mapaja, kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Mtoto awe na jile yake, iliyoandikwa kilo zake, yenye kola na mpini wa kumnyakulia nyuma ya shingo. Usimfunge ndani ya jile yako, na usimwekee ya mkubwa: atateleza atoke kwa chini.

Ukikosa jile: bidoni

Bidoni (dumu la plastiki) ya njano ya lita 20, tupu, mfuniko umekazwa, inabeba karibu kilo 20. Hiyo inatosha watu wawili, hata watatu wenye utulivu. Ila bidoni ni telezi na ni duara, haishikiki. Funga kamba ya mita 1 na nusu kwenye mpini wake kabla ya safari, mwisho wa kamba weka kitanzi cha kupitisha mkono. Chini ya mfuniko weka kipande cha sashe (mfuko mwembamba wa plastiki) ndipo ukaze, hapo hewa haitoki. Kifuani ikumbatie, miguu ilegee. Usijaribu kuipanda juu kama chikudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Itazunguka, utakunywa maji.

Wanaokwenda Bukavu kununua mafuta ya mawese hurudi na bidoni zilizojaa. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo hata bidoni iliyojaa mawese inaelea, lakini kwa nguvu ndogo sana. Usiitegemee.

Mfuko wangu wa safari

Unatosha kwenye kifuko cha kiunoni. Filimbi ya plastiki isiyo na kile kipunje cha ndani, kwa sababu kipunje kikilowa kinagoma. Nimeifunga kwenye jile kwa uzi mfupi, ili ifike mdomoni bila kutumia mikono. Tochi ndogo isiyoingia maji. Kioo cha kunyolea, au CD ya zamani. Kisu kidogo chenye ncha butu, cha kukata kamba (unakumbuka lile fundo). Simu ndani ya sashe 2, kila moja imefungwa kivyake baada ya kutolewa hewa nyingi lakini si yote, ili iweze kuelea. Skrini bado inagusika kupitia plastiki, jaribu nyumbani.

Kamba zote zipite kwenye jile, si kwenye begi. Begi litakuacha.

Kabla ya kupanda

Simama ufukweni utazame boti dakika 5. Mizigo iko wapi? Magunia ya makaa na ndizi yakiwa chini, tumboni mwa boti, yanaituliza. Yakipangwa juu ya paa, na watu juu yake, boti inakuwa kama mama aliyebeba pipa kichwani kwenye njia ya utelezi. Angalia pia umbali kati ya maji na ukingo. Kama wimbi la boti inayopita linaweza kuuruka ukingo huo, hiyo si boti ya kupanda leo, hata kama umeshalipa.

Kisha uliza jina lako linaandikwa wapi. Manifesti (orodha ya abiria) inayobaki bandarini ndiyo itakayowaambia waokoaji watafute watu 40 au 140. Kama hakuna orodha, jitengenezee yako: mtumie mtu wa nyumbani ujumbe wenye jina la boti, bandari uliyoondokea, saa, na unakotarajiwa. Mwambie kabisa: "Nisipopiga kufikia saa 3 usiku, piga bandarini." Namba ya bandari na ya mwenye boti mpe yeye, usibaki nazo wewe tu.

Chagua kiti karibu na upenyo, upande wa wazi. Chumba cha chini kina joto zuri usiku, najua, lakini boti ikipinduka dari inakuwa sakafu na mlango unakuwa mahali usipopakumbuka. Ukilazimika kukaa humo, hesabu kwa mkono viti vilivyo kati yako na mlango.

Na vaa jile sasa, gatini. Majini haivaliki kirahisi. Ukibisha, jaribu siku moja ukiwa ndani ya maji ya kifuani.

Boti inapolala upande

Hatari kubwa inakuja mnapokaribia kufika, na ndivyo akili isivyotegemea. Watu wote husimama, hubeba mizigo, hujaa upande ule wenye gati. Boti inalala kidogo, maji yaliyo ndani yanakimbilia upande huohuo, yanaongeza uzito, inalala zaidi. Wenye hofu hukimbilia upande wa pili kwa pamoja, nayo inarudi kwa nguvu na kupinduka huko. Kaa chini. Ukisimama, unawapa wengine ruhusa ya kusimama. Paza sauti, "Kaeni! Kila mtu pake!" Hata kama hujulikani na mtu, sauti moja tulivu inashika watu 20.

Ikishindikana, toka upande ulioinuka juu, si ule unaozama. Achia begi, vua viatu vizito. Ukiwa ndani ya maji, ogelea mita kadhaa mbali na lile kundi la watu wanaoshikana, kisha geuka utazame. Boti ya mbao ikijaa maji mara nyingi haizami hadi chini. Inabaki juu, imepinduka. Hiyo rudi uishike, kwa sababu inaonekana kuliko kichwa chako. Boti ya chuma ni habari nyingine: iache, shika mbao, bidoni, kifuniko, chochote kilichotoka ndani yake.

Usiamue kuogelea kwenda nchi kavu. Mlima juu ya maji unadanganya umbali. Unaweza kuamini ni mita 500 kumbe ni kilomita 3. Kama una jile na ufukoni unaona mtu mmojammoja akitembea, hapo fikiria.

Maji ya juu ya Kivu yana nyuzi 23 hadi 25 hivi, na kwa mguu yanapendeza. Lakini maji yanakunyang'anya joto mara 25 hivi kuliko hewa ya nyuzi zilezile, na usiku, kwenye ziwa lililo mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa nayo haikuhurumii. Kunja magoti kifuani, bana mikono ubavuni, usivue nguo. Mkiwa wengi, shikaneni mikono mkielekeana vifua, watoto na wazee katikati. Msipige miguu ovyo. Saa nyingi zinawezekana hivyo.

Kuita msaada: uonekane kwa nani?

Tuanze na jibu la kweli. Ziwani kwetu atakayekufikia kwanza karibu kila mara ni mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Basi tengeneza ishara ya kueleweka na mvuvi.

Usiku shida yake inachekesha kidogo: wavuvi wenyewe wana taa. Ziwa linametameta kama mtaa. Tochi yako ikiwaka tu mfululizo, wewe ni taa nyingine ya sambaza. Lazima ikonyeze. Fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu, pumzika, rudia. Hiyo ni SOS, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1906 huko Berlin, na hata asiyeijua ataona kwamba taa ile haivui. Ifuatishe kwa filimbi kwa mpigo uleule. Sauti ya mdomo inakauka baada ya dakika chache. Filimbi inaendelea maadamu unapumua.

Mchana usipunge mkono. Kwetu kila mtu humpungia mwenye boti, naye atakupungia na kupita zake. Ishara ya dhiki iliyo kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini, za mwaka 1972, ni kunyoosha mikono yote miwili pembeni, kisha kuinua na kushusha polepole, tena na tena, kama ndege mkubwa aliyechoka. Hakuna anayesalimia hivyo.

Kanuni hizohizo zina ishara nyingine ninayoipenda kwa sababu vifaa vyake viko kwenye kila pirogi (mtumbwi): bendera ya mraba, na juu au chini yake kitu cha duara. Kunja kitenge kiwe mraba, kifunge kwenye kasia, chini yake ning'iniza bidoni ya njano. Umeshatengeneza.

Kioo nacho kinapita vyote jua likiwepo. Mwako wake huonekana kilomita nyingi. Nyoosha mkono mmoja mbele, fanya V kwa vidole viwili, weka boti unayoilenga katikati ya V. Kwa mkono mwingine shika kioo karibu na jicho, ukizungushe mpaka mwanga uanguke kwenye vidole vyako. Hapo unamulika boti. Tikisa kidogo.

Kwa wenye boti kuna ishara za moto. Mwenge mwekundu wa mkononi unaowaka dakika 1, roketi ya parashuti inayopanda mita 300 na kushuka ikiwaka sekunde 40, na kopo la moshi wa rangi ya chungwa la dakika 3 kwa ajili ya mchana. Muda wake kwa kawaida ni miaka 3, tarehe imeandikwa. Mwenge ushikwe nje ya ukingo, upande upepo unakokwenda, mbali na mapipa ya esansi (petroli). Maoni yangu: nunua moshi na mwenge, roketi iache. Mahali ambapo watu wanalala wakisikiliza risasi, kitu chekundu kinachopasuka angani kinaweza kukuletea wageni wasiokuja kukuokoa, na kwenye kizuizi utaeleza mpaka koo likauke. Kama lazima uwe nayo, iwe na barua ya mamlaka ya bandari.

Watu huuliza pia kama moto huo utalipua ziwa, kwa sababu ya gesi. Hapana. Methani ya Kivu imeyeyuka kwenye maji ya kina, imekandamizwa huko chini. Mtambo wa KivuWatt upande wa Kibuye nchini Rwanda unalazimika kushusha mabomba zaidi ya mita 300 ili kuivuta. Juu ya maji unapumua hewa ya kawaida.

Simu na redio

Simu: andika ujumbe, usipige. Ujumbe hupenya pale ambapo sauti inakatika. Taja kwanza mahali, ndipo tatizo: "Kati ya Idjwi na Kalehe, boti imepinduka, watu kama 30, tunaona kanisa lenye paa jekundu upande wa kushoto wa rasi." Kuandika "tunakufa" hakumwambii mtu aelekee wapi. Katikati ya ziwa simu yako inaweza kuhamia mtandao wa Rwanda na ujumbe ukakataa; rudisha mtandao kwa mkono, na uwe na unite (salio la simu) za kutosha.

Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya majini, boti nyingi za hapa hazina, ila ukiikuta, ni chaneli 16. Unasema "Mayday" mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali, kilichotokea, idadi ya watu, kisha unaachia kitufe usikilize. Sisi tuliosoma Kifaransa neno hilo halitupotei: lilitungwa miaka ya 1920 Uingereza kutokana na *m'aidez*, nisaidieni.

Wewe uliye ufukweni

Usiruke majini kumfuata mtu anayezama. Atakukumbatia shingo. Mrushie bidoni yenye kamba, mpelekee ncha ya kasia, au nenda na pirogi na umpokee kwa nyuma ya pirogi, si ubavuni, isije ikapinduka nayo.

Ukimtoa, mlaze mahali palipoinuka, penye upepo. Ufuko wa Goma una mazuku, ile gesi ya kaboni dayoksaidi iliyo nzito kuliko hewa, inayotulia mabondeni na kwenye mashimo ya lava, hasa usiku na alfajiri. Kuna mtu anaweza kuokolewa ziwani na kufia kwenye shimo alikolazwa apumzike.

Kama hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5. Kisha katikati ya kifua kandamiza mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, puliza 2, rudia, bila kuacha mpaka apumue au daktari afike. Mkichoka badilishaneni kila dakika 2. Akizinduka, mlaze ubavu, mfunike, na apelekwe hospitali hata kama anacheka, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka saa kadhaa baadaye.

Jile aliyovuliwa ioshwe, ianikwe kivulini, isikaliwe wala kulaliwa kama mto. Povu lililolaliwa halirudi.